Foleni za Goma ziko milangoni

Mtajie mkazi wa Nairobi msongamano, naye atafikiria Barabara ya Mombasa saa kumi na moja jioni. Wa Dar es Salaam atafikiria Ubungo na Kimara, wa Kampala atafikiria barabara ya Jinja. Huo ni msongamano wa magari: watu wamepata kazi, wamekopa, wamenunua magari yaliyokwisha kutumika Japani, na barabara imebaki ileile. Tiba zake zinajulikana, hata kama ni ghali. Dar es Salaam ilianzisha mabasi ya mwendo kasi mwaka 2016. Nairobi ilifungua barabara ya kulipia ya kilomita 27 mwaka 2022, mwenye pesa apite juu na asiye nazo abaki chini.

Goma nayo ina honi, vumbi na pikipiki za abiria zinazogombea njia na malori. Lakini anayedhani ugonjwa wake ni uleule wa Nairobi atatoa dawa isiyofaa. Foleni kubwa za Goma si za magari. Ni za wanawake wanaosubiri kuvuka mpaka, magunia yanayosubiri lori, malori yanayosubiri barabara ifunguliwe, abiria wanaosubiri boti, na siku hizi watu wenye fedha katika akaunti wanaosubiri noti. Hoja yangu ni kwamba tatizo la Goma si wingi wa watu wala wingi wa magari, ni uchache wa milango. Kila mlango una mtu anayefaidika ukiwa mwembamba, na foleni za milangoni zimechora ramani ya uchumi wa mji huo na vijiji vyake kuliko mpango wowote uliowahi kuandikwa na maofisa wa mipangomiji.

Mji wenye njia sita

Tazama mji ulivyokaa. Kusini ni Ziwa Kivu. Mashariki ni Rwanda, na Goma imeshikana na Gisenyi kiasi kwamba mgeni asiyeona bendera hawezi kujua mji mmoja unaishia wapi. Kaskazini, kwa umbali usiofika kilomita 20, imesimama Nyiragongo yenye mita 3,470, volkano iliyolipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Magharibi, kilomita 25 hivi, iko Sake, na baada yake milima ya Masisi. Kwa hiyo njia za kuingia na kutoka ni sita tu: barabara ya Rutshuru, barabara ya Sake, Petite Barrière wanakovuka waendao kwa miguu, Grande Barrière yanakovuka malori, ziwa, na uwanja wa ndege.

Njia sita zingeutosha mji mdogo, na Goma ilikuwa mji mdogo. Sensa ya mwisho ya Kongo, ya mwaka 1984, ilikuta watu wasiofika 80,000. Miaka minne baadaye Kivu ya zamani iligawanywa na Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini. Mwaka 1994 laki kadhaa za wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa muda wa siku chache, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu katika makambi yaliyozunguka mji. Walipoondoka wao, walikuja wakimbizi wa ndani kutoka Masisi, Rutshuru na Walikale, wimbi baada ya wimbi, kila vita ikileta lake. Leo makadirio hutaja watu kati ya milioni moja na mbili. Idadi ya wakazi imeongezeka zaidi ya mara kumi. Njia zimebaki sita, na kwa muda mwingi wa miaka hii ya karibuni baadhi yake zimefungwa.

Nusu ya duara

Mwaka 1826 Mjerumani mmoja mwenye shamba kubwa huko Mecklenburg, Johann Heinrich von Thünen, alichapisha kitabu ambamo aliwaza mji mmoja katikati ya uwanda tambarare. Akajiuliza: kila mkulima akitafuta faida yake, nani atazalisha nini, na umbali gani kutoka mjini? Jibu lake lilikuwa kwamba gharama ya kufikisha mzigo sokoni ndiyo huamua. Mboga na maziwa, vinavyoharibika upesi, vitakaa karibu na mji. Kuni zitafuata, kwa kuwa ni mzigo mzito wenye thamani ndogo. Kisha nafaka. Mwisho kabisa mifugo, kwa sababu ng'ombe hujipeleka sokoni kwa miguu yake.

Hata kama von Thünen hakuwahi kusikia jina la Kivu, Goma inamthibitisha karibu mstari kwa mstari. Kabichi na viazi hushuka kutoka Kibumba, kwenye barabara ya Rutshuru, na mboga nyingine huvuka kutoka upande wa Gisenyi. Makaa hutoka katika misitu ya Hifadhi ya Virunga, jirani tu, jambo linaloeleza kwa nini askari wa hifadhi na wachoma makaa wanapambana miaka nenda miaka rudi. Maharage na mahindi hutoka mbele zaidi, Rutshuru. Ng'ombe wako Masisi. Na huko Masisi barabara imeamua hata sura ya chakula. Maziwa hayastahimili njia ile ya matope hadi mjini, kwa hiyo hugandishwa kuwa jibini, ambayo husafiri siku kadhaa bila kuharibika. Watu huisifu jibini ya Masisi kuwa ni urithi wa wamisionari, na ni kweli ujuzi ulitoka kwao. Kilichoifanya idumu ni ubovu wa barabara.

Chukudu nayo ilizaliwa na hesabu hiyohiyo. Chombo hicho cha mbao cha magurudumu mawili, kisicho na pedali wala injini, hubeba mamia ya kilo za kabichi na makaa kikiteremka kutoka Kibumba hadi sokoni, kisha husukumwa kupanda mlima kikiwa kitupu. Mwaka 2009 kilijengewa sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko mmoja wa mjini. Wageni huipiga picha kwa mshangao. Lakini pale mafuta yalipo ghali, njia ikawa mteremko na nguvu za vijana zikawa rahisi, mbao ndizo lori linalolipa.

Kuna jambo moja tu ambalo von Thünen hakuliwaza. Uwanda wake ulikuwa wazi kila upande, ndiyo maana mji wake ulizungukwa na duara kamili. Goma ina nusu ya duara, na nusu hiyo hufikiwa kwa barabara mbili. Katika mji wa kawaida, njia moja ikiziba mzigo huzunguka, bei ikapanda kidogo, maisha yakaendelea. Hapa njia moja ikiziba, eneo zima la mashamba hutoweka sokoni. Lava ya tarehe 22 Mei 2021 ilipoikata barabara ya Rutshuru, mitambo ilipelekwa kuisawazisha kabla haijapoa vizuri. Haikuwa ushujaa. Mji haukuwa na namna nyingine ya kupata viazi.

Kwa nini kitovu hakihami

Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia Goma kwa upande wa kaskazini, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikapita katikati ya maduka na maghala, ikaishia ziwani. Zaidi ya watu laki moja walipoteza makazi. Akili ya kawaida ingesema: hapa pamekwisha, jengeni kwingine. Wafanyabiashara walisema vingine. Walirudi palepale, wakajenga juu ya mwamba ule mpya, sakafu ya duka ikiwa juu ya mahali palipokuwa dirisha la duka la zamani.

Mwaka huohuo, wanauchumi wawili wa Marekani, Donald Davis na David Weinstein, walichapisha utafiti kuhusu miji ya Japani iliyobomolewa kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili. Walikuta kwamba mingi, hata Hiroshima na Nagasaki, ilirudi kwenye nafasi yake ya zamani katika mpangilio wa miji ya nchi hiyo. Majengo yaliteketea, lakini sababu za mji kuwepo pale hazikuungua.

Sababu ya Goma kuwepo pale ni mpaka. Birere, kartie iliyobanana kwenye mstari wa Rwanda, haina kiwanda wala mgodi. Inaishi kwa tofauti ya bei kati ya pande mbili: unga, mafuta ya kupikia, vitenge, mayai, vipodozi, nguo za mtumba, kila kitu kinachogharimu faranga chache pungufu ng'ambo ya pili. Lava haikuigusa tofauti hiyo, ndiyo maana haikuweza kuua biashara.

Sasa angalia matokeo yake kwa ardhi. Kila anayeishi kwa mpaka anataka kukaa karibu nao: mwenye duka la jumla, wakala wa forodha, mbadilisha fedha, mpagazi. Umoja wa Mataifa ulipoleta kikosi chake, na mashirika ya misaada yalipofuata, nyumba za ukingoni mwa ziwa, Himbi na kwingineko, zilipangishwa kwa dola kwa bei ambazo mwalimu au muuguzi hawezi hata kuziuliza. Watafiti wa Ubelgiji Karen Büscher na Koen Vlassenroot walieleza mwaka 2010 jinsi wageni hao walivyobadili kodi, ajira na sura yenyewe ya mji. Maskini akasogea magharibi, Ndosho, Lac Vert, Mugunga, juu ya mwamba wa lava ambako kuchimba shimo la choo ni kazi ya nyundo na ambako maji yanafika kwa bidoni.

Ndipo mji ukawa mrefu na mwembamba, umenyooshwa kati ya ziwa na mlima, nyumba zikiwa upande mmoja na riziki upande wa pili. Kila asubuhi maelfu huelekea mashariki kwa barabara moja ya Sake na kila jioni hurudi kwa barabara hiyohiyo. Anayeishi mbali kwa sababu hana pesa ndiye anayelipa nauli kubwa zaidi ya pikipiki. Asiyeweza kulipa hutembea, akafika sokoni wateja wazuri wameshanunua. Umbali huo huongeza umaskini kila siku, na hakuna ofisi inayouhesabu.

Mlango baada ya mlango

Kabla ya korona, watu karibu 50,000 walikuwa wakivuka Petite Barrière kwa siku, mojawapo ya mipaka yenye waenda kwa miguu wengi zaidi barani Afrika. Wengi wao walikuwa wanawake wenye mtaji wa dola chache, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Machi 2020 mpaka ulifungwa. Bidhaa hazikukatazwa kabisa, ila wafanyabiashara waliambiwa waunganishe mizigo yao na kuipitisha kwa lori Grande Barrière. Sasa mtu mwenye beseni moja la nyanya anaunganaje na lori? Akampa mwenye lori, au akamuuzia kwa bei ya mwenye lori. Biashara iliendelea, ila ilitoka katika mikono ya maelfu ikaingia katika mikono ya wachache, na hata mpaka ulipofunguliwa tena, wengi waliokuwa wamekula mtaji wao hawakurudi.

Juni 2022 milango miwili ilibanwa ndani ya wiki moja. Tarehe 13 waasi wa M23 waliuteka Bunagana, mji wa forodha kwenye mpaka wa Uganda, ambako mizigo ya Mombasa ilikuwa ikiingilia kuelekea Goma. Tarehe 17 askari wa Kongo aliuawa kwa risasi Petite Barrière, na mamlaka za Kongo zikaamua mpaka ufungwe saa tisa alasiri. Ofisini, kupunguza saa huonekana jambo dogo. Kwa mama aliyekuwa akivuka mara mbili, asubuhi kununua na mchana kuuza, saa zile chache zilikuwa safari nzima ya pili. Alipoteza nusu ya siku yake ya kazi ingawa mlango haukupoteza nusu ya saa zake. Na watu walewale walipolazimika kubanana katika saa zilizobaki, foleni ilirefuka kuliko hesabu ya saa ingekufanya utarajie.

Februari 2024 mapigano yalifika Sake, na Goma ikakatwa na Masisi pamoja na barabara ya Minova. Minova ni ghala la chakula la Goma upande wa Kivu Kusini. Mihogo, maharage na ndizi zake zilizokuwa zikipanda lori zikahamia kwenye boti, na mizigo ya barabara nzima ikabanwa katika bandari ndogo za ziwani, mojawapo Kituku. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama ikikaribia kabisa Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiisubiri ufukweni. Makumi walikufa. Lawama ziliangukia nahodha na wakaguzi wa bandari, na walistahili sehemu yao. Lakini chanzo cha ajali ile kiko barabarani. Barabara ya Minova ingekuwa wazi, wengi wa abiria wale wangekuwa ndani ya basi.

Mwisho wa Januari 2025 M23 waliingia Goma. Uwanja wa ndege ukafungwa. Benki nazo zikafunga, na hapo ikajulikana kwamba mji ulikuwa na mlango wa saba ambao hakuna aliyeuhesabu: mlango wa fedha. Mshahara ulikuwa unaonekana kwenye simu, noti hazionekani. Foleni zikahamia kwa mawakala wa pesa za simu, na kila wakala akawa na kamisheni yake. Wenye uwezo wa kuvuka walikwenda kutafuta noti Gisenyi. Mji wa jirani uliokuwa soko la Goma ukawa pia hazina yake, na yote hayo yalitendeka bila mkataba wowote, kwa nguvu ya foleni peke yake.

Ukiyaweka matukio haya sambamba, yanarudia mambo matatu. Mlango ukifungwa, biashara haifi, inasukumwa kwenye mlango uliobaki. Mlango uliobaki ukielemewa, humpendelea mkubwa na kumtoa mdogo. Na kila biashara inapohamia, anatokea mtu mpya wa kuitoza.

Nani anakula foleni

Wachumi wana dawa maarufu ya msongamano: utoze. Singapore ilianza mwaka 1975 kuyatoza magari yaliyoingia katikati ya mji asubuhi. London ilifuata Februari 2003, ikitoza pauni tano kwa siku. Mantiki yake ni kwamba anayeingia barabarani saa ya msongamano anawachelewesha wengine, basi alipe ucheleweshaji huo. Wasio na haja watabaki nyumbani, foleni itapungua, na fedha zitajenga usafiri wa umma.

Watu wa Kivu wanalipa ada ya msongamano tangu zamani, tena bila kuitwa hivyo. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walichora ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini wakahesabu karibu 800. Vingine vilikuwa vya jeshi, vingine vya makundi yenye silaha, vingine vya idara za serikali zenye karatasi na mihuri. Gunia la makaa, debe la maharage, pikipiki, hata mtu mwenye mikono mitupu, kila kimoja kilikuwa na bei yake. Ada ya London imekusudiwa kufupisha foleni. Ada ya kizuizi inaishi kwa foleni: barabara ikiwa nzuri na lori likipita mbio, hakuna wa kulisimamisha. Ndiyo maana ubovu wa barabara una walinzi wake.

Hapo ndipo lawama isiyo na sura ya kwamba nchi yetu haina miundombinu inaponishinda kuikubali. Miundombinu mibovu huendelea pale ambapo kuna watu wenye kipato kutokana na ubovu huo. Vita vya panzi, neema ya kunguru. Kijana anayesukuma chukudu kutoka Kibumba ndiye anayeijua bei ya kila kituo cha njia ile. Mzigo wake ukifika sokoni, mnunuzi wa mtaa wa Majengo analipia kabichi, analipia jasho, na analipia kila mkono ulionyooshwa kati ya shamba na meza. Mkulima upande wa pili anapokea kilichobaki. Akiona kilichobaki hakimtoshi hata kununua mbegu, anaacha kulima kwa ajili ya soko, analima kwa ajili ya chungu chake tu, na mji unazidi kutegemea unga ulioagizwa kutoka nje ya nchi. Hivi ndivyo vizuizi vinavyobadili hata mazao ya shamba lililo mbali navyo.

Pingamizi tatu

Watasema kwanza: milango ya Goma ni myembamba kwa sababu ya usalama. Mji uliopakana na vita, volkano na magonjwa hauwezi kuacha milango wazi. Nalijibu hilo kwa mfano wa Goma yenyewe. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alibainika mjini. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa siku chache baadaye, na palepale likashauri mipaka isifungwe. Rwanda iliufunga mpaka tarehe 1 Agosti, ikaufungua tena siku hiyohiyo. Kilichofanyika ni kuweka ndoo za maji na klorini, vipima joto na wahudumu wa afya kwenye njia rasmi, na maelfu wakaendelea kupita wakinawa mikono. Ugonjwa haukuenea sana mjini. Sababu ya ushauri ule ilikuwa nyepesi: mlango rasmi ukifungwa, watu hupita njia za panya ambako hakuna ndoo wala kipima joto. Usalama unahitaji mlango unaoangaliwa vizuri, na mlango uliofungwa hauna anayeuangalia.

Watasema pili: jengeni barabara pana, hata za juu, katikati ya mji. Sipingi lami, na mvua za Goma zinajua inavyohitajika. Lakini barabara pana kati ya mzunguko wa Signers na mpaka itayafikisha malori upesi zaidi kwenye geti lilelile linalofungwa saa ileile. Foleni itakuwa na njia nne badala ya mbili.

Tatu, watasema: hamisheni masoko kwa amri, wachuuzi waondoke barabarani. Dar es Salaam ilijaribu. Machinga Complex ilijengwa Ilala kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, majengo ya ghorofa yenye nafasi kwa maelfu, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ilikaa tupu. Wamachinga hawakukataa kwa ukaidi. Wateja wao walikuwa wakipita Kariakoo, na mchuuzi humfuata mteja. Goma iliyorudi juu ya lava ya moto haitahamishwa na tangazo lenye muhuri.

Kinachowezekana

Siandiki kana kwamba vita imekwisha. Amani ya kudumu ndiyo ingefungua milango yote kwa pamoja, na hakuna makala itakayoileta. Lakini yapo mambo ambayo yeyote anayeshika ofisi Goma, Kinshasa, Kigali au Bukavu anaweza kuyafanya kabla ya amani hiyo, na kutoyafanya ni uamuzi pia.

La kwanza ni saa za mpaka. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa mwanamke mwenye beseni, uanachama huo una maana moja tu inayopimika: mlango unafunguliwa saa ngapi, unafungwa saa ngapi, na karatasi ya kuvukia inagharimu kiasi gani. Saa za mpaka zibandikwe ukutani, zisibadilishwe usiku kwa tangazo la redio, na zikiongezwa, ziongezwe alfajiri na jioni, pale saa moja ina thamani kubwa kuliko saa mbili za adhuhuri.

La pili ni barabara za chakula. Kuelekea Rutshuru, Masisi na Minova, mzigo wa chakula utozwe mara moja, kwa stakabadhi moja, na stakabadhi hiyo iheshimiwe hadi sokoni. Wapatanishi wanaokutana katika miji ya mbali huzungumzia mistari ya mapigano kwa miezi. Wazungumzie pia vizuizi, maana raia hukutana na kizuizi kila siku na mstari wa mapigano mara chache.

La tatu ni ziwa. Hata barabara ya Minova ikiwa wazi, haifai ziwa lirudi kuwa njia ya dharura inayokumbukwa watu wakifa. Kituku inastahili gati la kudumu, alama ya uzito kwenye kila boti, maboya ya kujiokolea, na mkaguzi ambaye mshahara wake hautegemei idadi ya abiria anaowaruhusu. Ziwa Kivu halina mashimo ya barabarani wala lava ya kulikata. Ni mlango mpana kuliko yote sita, na ndio uliotunzwa kidogo kuliko yote.

La nne ni upande wa magharibi. Gunia la maharage kutoka Masisi linalopita Mugunga, likaenda kupakuliwa katikati ya mji, likagawanywa kwa vipimo na kurudishwa Mugunga kwa pikipiki, limelipia barabara ile mara mbili. Soko la jumla la mazao lingeweza kukua huko magharibi, karibu na wanaoyala. Lakini likue kwa njia ya Goma: wanawake wauzaji na wenye malori waulizwe kwanza wapi wanasimama tayari, ndipo pajengwe paa, maji na choo palepale waliposimama. Mchuuzi ameshafanya utafiti wa soko. Kazi ya mamlaka ni kuufuata.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji barabara ya juu. Mengine hayahitaji hata saruji. Yote, hata hivyo, yanamnyang'anya mtu fulani kipato, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Kwa hiyo, mtu yeyote atakayewaahidi watu wa Goma maendeleo, asiulizwe atajenga kilomita ngapi. Aulizwe mlango upi ataufungua, kwa saa ngapi kwa siku, na ni nani ambaye kuanzia siku hiyo hatalipwa tena. Asipoweza kumtaja huyo wa mwisho, ahadi yake haitafupisha foleni hata kwa hatua moja.